Karoti za Shangazi

Juzi jirani yangu hapa mtaa wa Pioneer aliniwekea karoti mbichi na bakuli la avokado iliyopondwa. Harufu ya dhania na kitunguu saumu ikanirudisha sebuleni kwetu, mchana ule wazazi wa mchumba wa shangazi walipotutembelea kutoka Burnt Forest.

Shangazi alijifunza mapishi hayo hotelini alikofanya kazi. Aliweka mezani sahani ya karoti mbichi na avokado ya namna hiyo, akakaa. Hakuna aliyeigusa. Baba wa mchumba alikohoa, akatazama dirishani. Mimi sikutulia, nilienda jikoni nikarudi, nikaenda tena, na kila mara nilikuta jiko baridi. Nikawaza: hawa wataondoka na njaa, na shangazi hataolewa.

Mwishowe mama wa mchumba aliinuka na ile sahani. “Sufuria ziko wapi, msichana wangu? Wacha nikusaidie kupika hizi mboga.”

Shangazi aliinamisha kichwa, akampeleka jikoni. Nilikimbilia nyuma ya nyumba nikalia kwa aibu, huku mafuta yakianza kulia jikoni.

Nilikuwa mdogo. Sikujua kwamba kwetu mgeni husubiri sebuleni mpaka aletewe chakula. Anayeingia jikoni kutafuta sufuria ameshakuwa wa nyumbani.