Nanjala na Fimbo Aliyoikata Tumbo

Nanjala wa Buhehe hawezi kusoma barua, lakini namba anazijua, na namba ndizo zimemlisha miaka thelathini na moja. Kazi yake ni kedi, kubeba mabegi ya wacheza gofu pale Tororo, chini ya lile jiwe kubwa. Akikuambia kutoka hapa hadi shimoni ni mita mia na kumi, piga mia na kumi. Wakubwa waliombishia waliitafuta mipira yao vichakani, na yeye akasimama pembeni na begi begani, akifurahi.

Mwaka huu kamati ya uwanja ikaja na maneno. Kapteni Opendi, mzee mpole anayesema polepole Kiswahili cha Uganda, alimwita kwenye stoo ya mabegi.

"Mama Nanjala, kamati nakaa juzi. Nasema kedi wa kupita miaka sitini anarudisha beji ya kazi."

"Kamati imeniona nikianguka?"

"Hapana."

"Imeona nimepoteza mpira wa mtu?"

"Hapana, mama. Ni umri tu."

"Basi umri wangu ucheze na umri wao. Siku ya Makedi si iko mwezi ujao? Nikishinda je?"

Opendi akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. "Ukishinda, beji inabaki yako, mimi mwenyewe nafunga kamati mdomo. Ukishindwa, unaniletea mkononi, bila kelele."

"Bila kelele," Nanjala akakubali, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko kushinda.

Siku ya Makedi ni mara moja kwa mwaka. Siku hiyo mambo hupinduliwa: wenye mabegi huyabeba wenyewe, na makedi ndio hucheza. Mara tatu mfululizo Nanjala alikuwa amecheza vizuri, kisha akaharibikiwa shimo la tisa, la mwisho. Mara zote tatu mkosaji alikuwa sitini, ile fimbo iliyolala uso, digrii sitini, ya kuupandisha mpira juu kabisa na kuudondosha wima. Aliachiwa na injinia mmoja aliyehama. Nyuma ya grini ya tisa, zile nyasi fupi zenye shimo, kuna ardhi ya murram, udongo mwekundu mgumu wenye nyasi chache kama ndevu za mvulana. Akipiga pale, fimbo inadunda chini, ukingo unaugonga mpira kiunoni, na mpira unaruka kama risasi hadi ng'ambo.

Watu wakasema mikono imechoka. Lenox, kedi kijana wa Busia upande wa Kenya, aliyeshinda mwaka jana, alisema zaidi, akimwita Kukhu, yaani bibi.

"Kukhu, hiyo ya tisa achia vijana. We kaa kivulini, tutakuletea soda."

"Soda utakunywa wewe ukilia," Nanjala akamjibu. Lakini usiku ule hakula vizuri, kwa sababu hata yeye alikuwa ameanza kuiogopa mikono yake.

Asubuhi akaamua kuwauliza mikono na chuma, mmoja baada ya mwingine. Akaenda uwanjani kabla ya wachezaji, akatupa mipira kumi kwenye shimo la mchanga. Yote ikatoka laini, ikatua. Akatupa kumi kwenye murram. Saba ikatoroka. Mikono ni ileile, mama ni yuleyule. Akaigeuza fimbo, akaitazama chini. Pale kwenye wayo wa chuma kulikuwa na uvimbe, ule makedi wanaouita tumbo, na kando yake zimegongwa namba mbili: 60 na 12. Sitini aliijua. Kumi na mbili hakuwahi kujisumbua kuuliza.

Sasa akaielewa bila mwalimu. Kule Buhehe amelima tangu akiwa msichana. Jembe jipya lenye mgongo mnene linachezacheza juu ya udongo mkavu. Jembe lililolika linapita chini yake bila kuomba ruhusa. Tumbo la kumi na mbili lilikuwa la mchanga na matope, kukizuia chuma kisizame. Juu ya murram lilikuwa adui.

Akapanda boda hadi Malaba, kwa Egau, fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti ya malori nyuma ya foleni ya mpakani. Egau akaishika ile fimbo kama mtu aliyepewa mtoto wa mgeni.

"Mama, hii chuma nang'aa. Mimi nakata, halafu unakuja nalia hapa?"

"Nimewahi kulia mbele yako?"

"Bado."

"Basi washa mashine. Nyuma ya wayo kata. Kisigino kata. Ukingo wa mbele usiuguse, ukiugusa nitakaa hapa mlangoni kwako mpaka Krismasi."

Egau akavaa miwani. Cheche zikaruka, akakata kidogo, akachovya ndani ya ndoo ya maji, akampa. Nanjala akaiweka juu ya sakafu ya saruji, akainama, akatazama mwanga uliopita chini ya ukingo. "Bado." Akakata tena. "Bado." Mara ya nne ukingo ukalala sakafuni kama ulimi wa ng'ombe. "Hapo," akasema. "Hapo hapo. Zima."

Siku ya Makedi ikakaribia na jua kali, naye akawa mtu wa kuimba njiani. Kisha mkesha wa siku yenyewe ikanyesha. Ikanyesha mpaka mabati yakawaziba watu masikio. Asubuhi uwanja ulikuwa uji, na habari za Egau zilikuwa zimeshafika kila mahali.

"Manze, Kukhu amekata tumbo, na leo ni matope!" Lenox akapiga kelele, sitini yake mpya ikimetameta. "Hiyo itazama mpaka ufike kuzimu!"

Opendi, ambaye ndiye aliyelibeba begi la Nanjala siku hiyo, akamnong'oneza: "Mama, azima fimbo ingine. Niko na yangu, ya tumbo."

"Yako inaijua ya tisa?"

"Lakini hii yako inaijua ya kwanza hadi ya nane?"

Swali lilikuwa la haki. Shimo la pili fimbo ilizama, ikatoka na bonge la udongo, mpira ukabaki palepale. Watu wakacheka. Shimo la nne ikazama tena. Shimo la tano akaulaza uso wa fimbo zaidi, ukaelekea mawinguni, na wayo uliobaki ukawa tumbo dogo la kuazima. Mpira ukatoka. Akafanya hivyo la sita na la saba. Hakuwa anapiga vizuri, alikuwa anakataa kufa. Walipofika la tisa, Lenox alikuwa mbele yake kwa pigo moja tu, na kuzomea kumepungua.

La tisa ni fupi. Mipira yote miwili, kwa mapigo mawili, ikapita grini na kulala nyuma yake. Shimo la mchanga likawa kati yao na bendera. Hapo lazima mpira upande juu.

Lenox ndiye aliyekuwa mbali zaidi, akatangulia. Alikuwa ametembea juu ya uji tangu asubuhi, na akadhani ni uji hata hapo. Lakini maji ya jiweni yanapita juu ya ile murram na kwenda zake. Saa mbili za jua, ardhi ni kama ua uliofagiliwa. Fimbo yake ikadunda, ta! Mpira ukavuka grini, ukavuka watu, ukaingia kwenye kichaka cha lantana.

Opendi akasogea. "Mama, zungusha chini chini, pita pembeni ya mchanga. Hata sare inatosha."

"Sare ni ya nani?"

"Mama Nanjala, beji!"

"Naijua beji. Simama nyuma, kivuli chako kiko juu ya mpira wangu."

Akavua kiatu kimoja, akakanyaga murram kwa kisigino. Ngumu. Akavaa. Akashika fimbo chini kidogo, akapiga bila haraka, na ule ukingo ukapita kati ya mpira na ardhi, ukasikika kama mtu anayekwaruza sufuria. Mpira ukapanda, ukapanda, ukaonekana mdogo mbele ya jiwe la Tororo, ukashuka wima, ukakaa shubiri moja kutoka shimoni. Akausukuma ndani. Mapigo manne. Lenox, na lantana yake, saba.

Opendi alikuwa anacheza ngoma na begi lenyewe begani, fimbo zikigongana. "Inabaki! Beji inabaki, kamati naikuta leo leo!"

Lenox akaja akijikuna shingo, miiba kwenye shati.

"Kukhu, huyo fundi wa Malaba… unaweza kunipeleka?"

"Naweza. Kwanza sema nani ameshinda."

"Wewe."

"Mimi niko karibu, nimesikia. Kamati imekaa kule kwenye veranda. Geuka huko, useme tena."

Lenox akageuka, akajaza kifua, akaita: "Nanjala ameshinda!"

"Na jina la baba yangu," akasema Nanjala.