Baba Alivyomtania Afisa wa Barabara

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Tabora. Mbali ya kupiga chapa barua, nilipewa kazi ya kuwapeleka wageni kwenye tembe kongwe, nyumba ya udongo ya enzi za misafara, iliyokuwa ng'ambo ya msitu wa hifadhi. Wageni wenyewe walikuwa wa kuhesabu: Wazungu wawili watatu walioshuka kwenye treni na kamera zao, walimu wa chuo, siku mojamoja kiongozi. Tuliwapeleka kwa baiskeli, maana Landrova ya ofisi ilikuwa imewekwa juu ya mawe haina hata gurudumu moja. Sikuipenda kazi hiyo. Unampakia mtu mnene kwenye keria, unapambana na mchanga unaomeza tairi, na mkifika anakuuliza kama umechoka.

Njia yetu ilikuwa ileile ya wapagazi wa zamani, nyembamba, inapinda kila inapokuta mti mkubwa. Kwenye miti hiyo baba yangu na wenzake walitundika mizinga yao ya magome. Kulima mle kulikatazwa, kukata miti pia, lakini kurina asali kuliruhusiwa. Baba hakuwa na shamba la maana. Msitu ule ndio uliotulisha, na ndio ulionisomesha hadi nikawa mtu wa kuvaa soksi.

Mwaka mmoja wapimaji walipita wakaipaka miti rangi nyekundu. Ofisini tukaambiwa itafunguliwa barabara pana iliyonyooka, ili mabasi ya watalii yatoke stesheni mpaka mlangoni pa tembe. Barua yenyewe niliipiga chapa mimi. Karibu miti yote ya baba ilikuwa na rangi, na afisa kutoka Dar es Salaam angekuja kuikagua njia, kisha aamue.

Nilipomweleza baba, aliuliza jambo moja tu: huyo afisa ni mtu wa wapi? Nikamjibu ni Mzaramo. Nilijuaje? Barua zake zilitoka Dar, na sauti yake kwenye simu ilikuwa laini, ya kipwani. Huo ndio uliokuwa ushahidi wangu wote. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza.

Baba alifurahi, akasema basi tumepona. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo, wakaugulia huko na kuzikana huko. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuvua kofia msibani na kukwambia la moyoni mbele ya watu, nawe huna budi kucheka na kulipa. Maisha yake yote baba hakuwahi kumjibu mtu wa serikali zaidi ya "ndiyo". Kwa mtani, angalau, angeweza kusema.

Siku ya siku treni ilichelewa, kama desturi yake, na ilikuwa Jumapili. Wakati huo, kwa shida ya mafuta, magari hayakuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, kwa hiyo hata gari la kuazima halikufaa. Afisa alitazama saa yake, akaitazama baiskeli yangu, akapanda. Alikuwa mwembamba, Mungu ambariki. Njiani aliniuliza majina ya miti, na penye mchanga alishuka mwenyewe akasukuma. Nikaanza kumpenda, jambo ambalo kwa wageni halikunitokea sana.

Baba na warina asali wenzake walikuwa wakitungoja katikati ya msitu. Afisa aliamkia, "Shikamoo, mzee." Badala ya kuitika marahaba, baba alimpokonya mkoba, akaufunga kwenye kamba ya kupandishia mizinga na kuuvuta hadi tawini. Wenzake wakacheka, naye akaanza. Alisema Wazaramo wamezoea kukaa kivulini na kungoja mizigo ya Wanyamwezi. Alisema babu zake waliipita njia hii na pembe mabegani bila kuangusha mti hata mmoja, na leo huyu mla nazi anataka kuiangusha yote kwa sababu makalio ya watalii hayawezi baiskeli. Mkoba usingeshuka mpaka atoe fidia, na fidia yenyewe ni barabara yake. Watu walipiga makofi. Na mimi nilicheka.

Afisa hakucheka. Alingoja kelele ziishe.

"Mzee," alisema, "mimi si Mzaramo. Ni Mpare. Dar nimekulia tu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwa asiye mtani, maneno yale yalikuwa matusi matupu kwa mkubwa wa serikali, tena mbele ya mashahidi. Baba alivua kofia. Aliushusha mkoba taratibu, akaupangusa vumbi kwa shati lake, akamkabidhi kwa mikono miwili na kuomba radhi. Mimi hakunitazama kabisa. Ingekuwa heri anitukane.

Afisa aliupokea mkoba lakini hakuondoka. Akauliza kama yote yale yalikuwa mzaha.

"Kama yana ukweli," afisa alisema, "yaseme bila utani. Nitasikiliza."

Nilimjua baba yangu. Nilijua atasema ulikuwa mzaha tu, ndugu afisa, nasi tutapanda baiskeli twende zetu. Alikuwa akiizungusha kofia vidoleni.

"Msipitishe barabara hapa," alisema. "Mkiikata miti hii, sitakuwa na kitu cha kula."

Basi, hakuongeza neno. Nimesikia hotuba nyingi, na miaka ile hazikuwa haba, lakini hakuna iliyonigusa namna ile. Nilimwonea fahari, na nilijionea aibu. Tulifika kwenye tembe, tukarudi mjini jua halijazama, na afisa hakugusia barabara tena.

Barua ilikuja baada ya mvua za kwanza. Magari yangeishia ukingoni mwa msitu, na wageni wangeendelea kwa miguu au kwa baiskeli kwa njia ya zamani, kwa hiyo mimi na keria yangu hatukupona. Nilimpelekea baba nikamsomea, maana yeye kusoma hakujua. Mwishoni iliandikwa kwamba uamuzi umezingatia maombi ya mrina asali mmoja wa eneo hilo. Akaniomba nirudie hapo. Nikarudia. Akaniomba tena, kisha akauliza:

"Hawakuandika kwamba nilikuwa natania?"

"Hawakuandika, baba."

Akaichukua barua mkononi mwangu, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. Ilikuwa mali ya ofisi, lakini sikuidai.