Mlango Unaofunguka kwa Nje

Baba yangu hakuwahi kuvumilia upenyo. Kwa miaka arobaini alitengeneza milango, na akipita penye kazi ya fundi mwingine alisimama, akaingiza ukucha kati ya mlango na fremu, kisha akaguna kama mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha. Mtaani walimwita Milimita. Wateja walipolalamika kwamba anachelewa, aliwajibu, "Nendeni kwa wanaowahi." Hakuna aliyekwenda.

Ugonjwa ulianza kwenye vipimo. Alipima, akaandika, akapima tena, akafoka kwamba kuna mtu amefuta. Mbao zikawa fupi. Nilimtania, "Mzee, nunua miwani," na utani ule sijajisamehe mpaka leo. Mtaani kila mtu ni daktari, na wote walisema ni uzee. Daktari mwenyewe, tulipomfikia mwaka wa pili, alisema si uzee, ni Alzaima. Ubongo unakufa kidogo kidogo, alisema, na yanayotangulia kupotea ni ya jana na juzi. Ya zamani hukawia, na mikono hukumbuka kazi yake muda mrefu. Nilimuuliza dawa ya kuponya. Akatikisa kichwa.

Siku hizi baba huvaa shati juu ya shati. Huniuliza mama yuko wapi. Mwanzoni nilimwambia ukweli kwamba tulishamzika, naye alilia kila mara kama aliyepewa habari hiyo kwa mara ya kwanza. Sasa nasema yuko sokoni. Ikifika alasiri huanza kuniaga kama mwenyeji wake: "Haya, mama, ahsanteni kwa ukarimu, mimi narudi kwangu." Anaiaga kwa adabu zote nyumba aliyoijenga mwenyewe, nami hutamani kupiga kelele.

Kaka yangu yuko mbali na hupiga simu kila Jumapili. "Dada, vuta subira." Ana ushauri wa kujaza gunia. Nikimwambia aje wiki moja tu, mtandao unasumbua.

Mimi nashona sare kiwandani, na kengele inalia saa moja asubuhi. Jirani aliyekuwa akimwangalia baba alinyoosha mikono juu siku mzee alipotoka mpaka barabara kuu, akielekea karakana yake iliyovunjwa zamani. Lori lilifunga breki hatua mbili kutoka alipokuwa. Dereva alimtukana, baba akampa pole ya safari. "Mwanangu, nakupenda," jirani aliniambia, "lakini sitaki huyu mzee afie mikononi mwangu."

Nikaanza kumfungia chumbani kwa kufuli. Siku ya kwanza tu nilirudi nikakuta mlango umeegemezwa ukutani na skrubu za bawaba zimepangwa safu sakafuni. Alizifungua kwa mpini wa kijiko. Yeye mwenyewe nilimkuta kando ya barabara kuu. Alifanya hivyo mara tatu, na mara mbili zilizofuata nilipigiwa simu nikaacha cherehani nikakimbia. Msimamizi akaniambia nikikimbia tena nisirudi.

Ndipo nikafanya nililofanya. Nilisimama mbele yake kama mteja. "Fundi, nimekuletea kazi."

Aliinuka wima. Mwaka mzima sikuwa nimemwona amesimama vile.

"Kazi gani?"

"Kuna mzee anapotea. Watu wake wanataka mlango asioweza kuufungua akiwa ndani."

"Bawaba ziko upande gani?"

"Ndani."

Akacheka mpaka akakohoa. "Fundi gani huyo! Mlango ufunguke kwa nje, bawaba zikae nje, komeo nje. Huko ndani pasiwe na hata kichwa kimoja cha skrubu."

Tulifanya kazi Jumamosi na Jumapili, kwenye mlango wa chumba chake, yeye akiamini yuko nyumbani kwa watu. Mimi nilishika mbao, yeye akashika patasi, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Alipiga mluzi. Alinigombeza nilipokawia kumpa bisibisi, nami nilifurahi kugombezwa. Kwa siku mbili nilikuwa na baba yangu, na muda wote huo nilijiona mwizi.

Kwenye bawaba ya mwisho akasita.

"Huyo mzee hana watoto?"

"Ana binti."

"Mmoja tu?"

"Anayemwangalia ni mmoja."

"Mwambie asimfungie sana. Mtu ukimfungia anaona amekosa."

"Nitamwambia."

Tulipomaliza aliingia ndani mwenyewe. "Haya, nifungie tujaribu."

Nikasukuma komeo. Aliusukuma mlango kwa bega, akaupiga teke, akapapasa pembe zote nne. "Hapa hatoki mtu!" alisema, na sauti yake ilijaa furaha. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kufungua niliposikia anagonga, polepole, kwa vidole.

"Mama," aliita kwa sauti ndogo kama ya mtoto. "Mama, nifungulie. Sitarudia tena."

Nilifungua. Alitoka na machozi, akanishika mkono kama ndiyo kwanza ananiona. "Ahsante, binti. Sijui watu wa humu nimewakosea nini." Akageuka, akaitazama ile bawaba, akaipitishia kidole. "Aliyeweka mlango huu kazi anaijua. Roho ndiyo hana."

"Hana, baba," nikasema.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nilimnywesha chai, nikamwekea maji na mkate karibu na kitanda, nikasukuma komeo. Alianza kuita nikiwa bado uani. Nilisimama kidogo, kisha nikaenda kazini.