Saluti Niliyoipokea Kasubi

Sijitetei. Mhindi jirani yangu alipofukuzwa nchini aliniachia gari lake kuukuu, jeusi, la kifahari. Mimi, karani wa kuuza stempu. Wenye maduka ya vipuri nao walikuwa wamefukuzwa, vipuri vikawa ghali. Cherehani ya mke wangu ikaenda kwa betri, kitanda chetu kikaenda kwa matairi. Stata ya kuwashia injini ilipokufa nikazoea kuegesha mteremkoni. Matengenezo ya breki nikayaahirisha.

Asubuhi moja nikafika kwenye kizuizi cha wanajeshi, chini ya kilima cha Kasubi. Magari kama lile siku hizo yalikuwa ya wakubwa wao tu, basi wakanipigia saluti. Nami, mpumbavu, nikainua mkono nikaipokea. Papo hapo injini ikazimika.

"Afande, tutasukuma mpaka juu, iwake kwa kuteremka upande wa pili," wakasema.

Wakasukuma wanne, bunduki mgongoni. Nilikaa wima kama jenerali, shati limelowa jasho la woga.

Karibu na kilele mmoja akachungulia dirishani.

"Afande," akasema taratibu, "wewe si ule mutu ya stempu, pale posta?"

Wote wanne wakaondoa mikono. Gari likaanza kurudi nyuma, polepole, kuelekea kizuizini.