Dobi Aliyesimama Mtoni

Nitamsema wifi yangu, na akisikia na asikie. Dada wa mume wangu, mjane, dobi wa nyumba ya wageni, mbishi kupindukia. Mwaka wa kumi na moja huu anafua mtoni, na akishaanika mashuka anaogelea. Mimi namsaidia kukamua tu. Maji yakinifika magotini naanza kuaga watoto.

Ila kwa mto ana adabu. Maji yakigeuka tope haingii, hata jua liwake vipi. Kwanza hutupa kijiti aone mkondo unaelekea wapi. Na wimbo wake ni mmoja: "Wifi, mkondo ukikuchukua lala chali, miguu mbele. Usijaribu kusimama."

Jumanne shuka likatuponyoka. Akalifuata, akaogelea vizuri, akalidaka. Sasa dobi akishika shuka lililolowa mwili haungoji ushauri. Akasimama alikamue! Katikati ya mkondo! Mguu ukazama kati ya mawe mawili, ukanasa.

Maji yakamsukuma mgongoni, yakamkunja. Anainua uso, anavuta pumzi, uso unazama, anauinua tena. Nikapiga mayowe, wapi, hakuna mtu. Nikaingia. Akapata pumzi ya kunifokea: "Toka! Tutakufa wawili!"

Nikatoka. Mungu anisamehe, nilitoka haraka.

Nikafunga mashuka matatu ncha kwa ncha, nikamrushia, nikavuta. Kumbe nimesimama chini yake, upande maji yanakoelekea, kila nikivuta mguu unazidi kukaza. Akapiga ukelele. "Siyo huko! Panda juu! Mguu utoke ulikoingilia!"

Nikakimbia juu, nikafunga ncha moja kwenye mti, nikaachia mashuka yateremke na maji. Yakapita mbali naye. Nikayakusanya, nikaachia tena, yakapita mbali. Uso wake sikuuona tena, niliona mkono tu. Mara ya tatu ule mkono ukashika. Nikavuta huku natukana: yeye, kaka yake, na nyumba ya wageni na wageni wake wote. Mguu ukachomoka. Akajigeuza chali, mkondo ukamzungusha na mashuka yake mpaka ukingoni.

Akatapika maji, kisha akauliza kama mashuka yamechanika. Nikamzaba kofi. Halafu nikamkumbatia, tukalia kama watoto.

Mguu umevunjika. Mume wangu kapiga marufuku mto, na mimi nimemwambia siku hizi tunafulia bombani. Uongo mtupu. Kila asubuhi nampakia wifi kwenye mkokoteni juu ya nguo, namkalisha ukingoni, nafua, kisha naingia pale maji yalipotulia, ananifundisha kuelea. Naogopa mpaka meno yanagongana. Yeye anacheka, anasema hajaona mwanafunzi anayelia majini.

Namwambia maji yameniingia machoni. Sitamwambia kamwe kwamba siku ile, mashuka yalipopita mbali mara ya pili, nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia kaka yake.