Kadi ya Mtoto wa Nyamitaba

Tarehe 20 Novemba 2012, siku ya Jumanne, waasi wa M23 waliingia katika mji wa Goma. Habari ilipanda milima kwa simu na kufika mji mdogo wa Masisi-centre kabla ya saa sita mchana. Léontine Kahambu aliipokea akiwa mezani, mbele ya kompyuta moja tu ya shirika lililomwajiri.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Butembo, binti wa mfanyabiashara wa vitenge. Alikuja Masisi kumsaidia mjomba wake dukani. Duka lilipoporwa mjomba alirudi kwao, naye Léontine akabaki, kwa kuwa alijua kuchapa kwa vidole vyote kumi na shirika dogo lililowatafutia wazazi watoto waliopotezwa na vita lilimhitaji mtu wa aina hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa na taratibu zake. Faustin, mwenzao wa pikipiki, aliingia misitu ya Walikale na kuandika kadi ya kila mtoto aliyemkuta kwa watu wasio wake: jina, alama za mwili, kijiji alimo, mama anayemlea. Kadi zilipofika Masisi, Léontine alizichapa, kisha alimsomea mkuu wa ofisi, Papa Théophile, mara mbili, neno kwa neno. Baada ya hapo waliziweka kwenye mbabula, jiko la makaa lililokuwa uani, na kuzitazama wote wawili hadi zikawa majivu. Jina la mtoto hutaja kabila la baba yake, na karatasi yenye majina themanini ilitosha kumpeleka mwenye panga hadi mlangoni. Katika Masisi ya miaka ile, jina lilihifadhiwa kwa kuchomwa.

Yaliyobaki yalibaki ndani ya mashine, na mashine haikuwa ya Léontine kwa ukamilifu. Akaunti yake ilikuwa na mipaka: aliweza kuandika barua, kuchapa ripoti, basi. Programu ya kadi ilikuwa ya zamani, iliyotengenezwa kwa namna ambayo haikubali kufunguka ila kwa idhini ya msimamizi wa mashine. Msimamizi huyo alikuwa Guylain, fundi wa kompyuta wa ofisi ya Goma, ambaye hakutaka kumpa neno la siri mtu yeyote wa vijijini. Asiyelijua, alisema, hawezi kulitoa hata akiwekewa bunduki. Kwa hiyo alikuja mwenyewe, akaliandika mara moja, akaiamuru mashine ilitunze, na kumwekea Léontine alama ndogo kwenye kioo. Akiibonyeza, programu ilifunguka kwa mamlaka ya Guylain, naye Léontine asijue siri yoyote.

«Dada, weye uko kama mupishi mwenye hapewe ufunguo ya depo,» Guylain alimtania siku ile. «Lakini hii mulango inakujua. Gonga tu, inafunguka.»

«Na siku itanikana?»

«Utaniita. Mi niko Goma, siko mbinguni!»

Jumanne hiyo, Papa Théophile aliingia ofisini bila koti, jambo ambalo Léontine hakuwahi kuliona.

«Mama Léontine, futa. Mot de passe, maneno ya siri yote yenye iko mu mashine, toa. Banaweza kufika hapa kesho.»

«Na kadi za batoto?»

«Kadi ziache, zimefungwa. Njo ufunguo tunaondoa.»

Guylain alikuwa amemwonyesha mahali ambapo mashine hutunza maneno ya siri. Léontine alipafungua, akakuta mstari mmoja, akaufuta. Alihisi nafuu aliyoizoea mbele ya mbabula, ile ya kuona kitu cha hatari kimekwisha. Aliamini kwamba mambo yakitulia Guylain angepiga simu, akamtajia neno, na mlango ungemtambua tena.

Siku tatu zikapita, na hakuna mwenye bunduki aliyefika ofisini. Aliyefika, Ijumaa asubuhi, ni mwanamke mmoja aliyeshika viatu vyake mkononi. Alikuwa ametembea tangu jana yake kutoka Nyamitaba. Jina lake Uwizeye.

Alieleza haja yake akiwa bado amesimama. Binti yake wa miaka sita, Byukusenge, alimponyoka mwezi wa Agosti, watu walipokimbia risasi. Jirani aliyerudi kutoka Walikale alimwona Faustin akimwandika mtoto huyo kando ya njia, akiwa na mama mmoja aliyemwokota, lakini hakuuliza kijiji chao. Mama huyo alisema kwamba mwisho wa Novemba jamaa yake ingehama, iteremke upande wa Lubutu. Zilibaki siku saba.

«Ule mutoto wangu, iko ndani ya hii mashine?»

«Iko, Mama. Nilimuandika mi mwenyewe.»

«Basi mutoshe.»

Léontine alibonyeza alama. Kidirisha kilijitokeza, kikadai neno la siri la msimamizi. Akabonyeza tena. Kidirisha kilekile. Papa Théophile aliinama nyuma yake, akajaribu jina la shirika, kisha jina la Guylain, kisha tarehe. Mashine ilikataa yote kwa maneno yaleyale.

Kadi ya Byukusenge aliikumbuka: kovu chini ya kidevu, na neno la Faustin kwamba mtoto alikataa kula hadi alipopewa kiazi kitamu cha kuchoma. Kijiji hakukikumbuka. Juma lile alikuwa amechapa kadi thelathini na moja, nyingine za Ntoto, nyingine za Kibua, vijiji viwili visivyo kwenye njia moja. Faustin mwenyewe alikuwa amerudi msituni, mahali pasipo mtandao, na hakutarajiwa kabla ya Desemba.

Simu ya Guylain iliitika kwa jaribio la tisa. Alikuwa amevuka ziwa hadi Bukavu na watu wa nyumba yake.

«Guylain, mot de passe ni gani? Nitajie tu.»

«Sijue, dada.»

«Unasema nini weye?»

«Siikamatake mu kichwa. Mashine njo iliichagua, alama na namba makumi mbili. Niliandika mu carnet, daftari yangu, carnet iko mu tiroir ya meza, tiroir iko Goma. Lakini hauna lazima yayo! Bonyeza ile alama yako.»

Léontine aliitazama ile alama kwenye kioo.

«Dada? Uliifuta?»

«Tulisema banakuja.»

Papa Théophile alimpokonya simu. «Na tukifungua mashine na tournevis, tutoshe disque yenye inachunga kadi, tupeleke ku mashine ingine?»

«Papa, disque nayo nilifunga. Ni mi nilifunga.» Sauti ya Guylain ilikuwa imeshuka. «Nilifunga muzuri.»

Uwizeye alikuwa amefuatilia nyuso zao, si maneno. Alipoona simu imewekwa mezani alivaa viatu.

«Mama, niambie kijiji moja.»

«Ao ni Ntoto, ao ni Kibua.»

«Miguu mbili haiendake njia mbili. Niambie moja.»

Léontine alijua njia zile zina nani. Mwanamke anayesema Kinyarwanda, peke yake, kwenye vizuizi vya wale wanaouliza mtu ni wa wapi kabla ya kumuuliza jina. Akimtajia kijiji kwa kubahatisha, angekuwa amemtuma. Akikaa kimya, angekuwa amemnyima.

«Sijue, Mama,» alisema. «Nakuapia, sijue. Bakia hapa, tungojee Faustin.»

«Faustin atafika Desemba. Mutoto atakuwa Lubutu.» Uwizeye alifunga kitenge kiunoni. «Nitaenda Ntoto. Ntoto nilisikiaka jina yayo.»

Hakuna aliyekuwa na sababu nzuri zaidi ya hiyo. Papa Théophile alimwandikia barua yenye muhuri. Léontine alimpa mkate na chumvi, akamsindikiza hadi mwisho wa soko.

Waasi waliondoka Goma tarehe 1 Desemba. Guylain alirudi tarehe 4, akaikuta droo imevunjwa na daftari limeachwa sakafuni, kwa kuwa halikuwa na thamani machoni pa waliovunja. Alisoma alama ishirini kwa simu, moja baada ya nyingine. Programu ilifunguka. Kadi ya Byukusenge ilikuwa ya kumi na nne: kijiji, Kibua, mlezi, Agathe, mke wa mwalimu.

Faustin alifika Kibua tarehe 11. Nyumba ya mwalimu ilikuwa tupu tangu siku kumi na mbili zilizopita. Aliendelea hadi Ntoto, akauliza kwenye kanisa na kwenye kisima. Hakuna aliyekubali kwamba alimwona mwanamke mwenye barua yenye muhuri.

Léontine aliiacha kadi ikiwa wazi katika faili za watoto wasiopatikana, kisha akaacha kazi mwaka uliofuata.

Haijulikani kama Uwizeye alifika Ntoto. Haijulikani jamaa ya Agathe ilisimama wapi baada ya kuondoka Kibua, wala kama mtoto alikuwa bado pamoja nao.