Kadi Si Kodi

Mimi ndiye niliyemwambia mume wangu tulipie kadi ya matibabu, kodi ya kichwa tuiache. Enzi hizo wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupita kijijini kwetu Namswea na mizani zao, na hela yote ilikuja mkononi. Zamani chama cha ushirika kilikata chake kabla hatujaiona. Kwenye mkutano wa kijiji tukaambiwa kaya ikilipa mchango wa mwaka, itatibiwa bila kutoa kitu. Nikapiga hesabu zangu: mchango ni wa serikali, kodi ni ya serikali, basi kodi watakuwa wameikata humo humo kwenye mchango. Hakuna aliyesema hivyo. Nilijitungia, nikamwambia mume wangu kana kwamba nimesikia, maana mimi nikishaamua jambo huwa siulizi.

Akalipa. Tukapewa kadi yenye picha yake, nikaifunga kwenye nailoni.

Siku ya gulio, mtoto wetu wa mwisho alishikwa na degedege. Mume wangu alisukuma baiskeli kuelekea zahanati, mimi nimeketi nyuma na mtoto kifuani, anachemka, nasikiliza kila pumzi yake. Darajani tukakuta mgambo wawili wamefunga njia kwa kamba. Mmoja tulimfahamu, kijana wa ng'ambo ya mto.

"Shikamoo, baba," akasema. "Naomba stakabadhi ya kodi."

"Marahaba." Mume wangu akatoa kadi, bila wasiwasi wowote.

Kijana akaigeuzageuza. "Baba, hii ni ya matibabu. Ya kodi iko wapi?"

"Si imo humo humo?"

"Nani kakudanganya?"

Nilitaka kusema ni mimi, badala yake nikamvuta mtoto karibu. Niliogopa wakinishika na mimi, mtoto atafika na nani? Huo ni ukweli, lakini ukweli mwingine ni kwamba niliona aibu. Mume wangu hakunitazama hata kidogo.

"Nimejidanganya mwenyewe," akasema.

Yule mgambo wa pili akaitia kadi mfukoni, eti iwe ushahidi. Hapo mume wangu, mtu asiyepandisha sauti hata kwa mbuzi, akapiga kelele: "Mimi nifungeni! Kadi mpeni mama, mtoto anakufa!"

Wakanirudishia. Nikakimbia na mtoto mgongoni hadi zahanati, sikugeuka nyuma.

Mganga aliitazama picha, akauliza baba yuko wapi. Nikasema anakuja. Mtoto akachomwa sindano, na jioni akanyonya.

Mume wangu alirudi siku ya tatu, viganja vimechubuka kwa kulimishwa shamba la kata. Kaka yake alikuwa ameuza nguruwe ili kumkomboa. Nilijiandaa kugombezwa, na safari hiyo nisingejibu.

"Baba watoto," nikaanza, "ni mimi nili..."

Akanikatiza, akanipa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa stakabadhi ya kodi.

"Ifunge kwenye nailoni pamoja na kadi," akasema. "Siku nyingine tusijidanganye."

Nikaenda kuifungia jikoni, na huko ndiko nilikolia.